Redio ya Jeshi Ikifika Isingiro: Vidokezo kwa Anayetaka Kuifufua

Ifungue redio ya kijeshi ya miaka ya 1940 utakuta chuma kizito, nati zilizokazwa kwa nia, na valvu za kioo zilizobanwa kwa klipu zisichomoke kwenye njia mbovu. Walioiunda hawakuwa na habari na soketi ya ukutani. Mawazo yao yalikuwa kwenye betri ya lori, betri ya kifaru, au mpini wa kuzungusha kwa mkono. Kwa hiyo nyumba ya Isingiro, wilayani Kyerwa, yenye paneli ya sola juu ya bati na betri chini ya meza imekaribiana na redio hii kuliko ghorofa la Masaki, Dar es Salaam, lenye umeme wa saa zote. Ukilishika hilo, nusu ya shida ya kuipa umeme imekwisha. Nusu iliyobaki ni subira.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945, mabaki ya redio hizi yaliuzwa kwa raia huko Uingereza na Marekani, na mpaka leo yanapita minadani. Kwa hapa kwetu usishangae pia kukuta ndugu zake wa kiraia: redio za upepo za misheni, za hospitali, za mashirika ya misaada. Vidokezo hivi vinazihusu zote, ila moyo wangu uko kwa zile za kijani.

1. Karatasi kwanza, bisibisi baadaye

Kyerwa ni wilaya ya mpakani. Uganda iko ng'ambo ya mto pale Murongo, Rwanda nayo haiko mbali. Mtu akionekana ana mtambo wa kijeshi wenye maiki na antena ndefu, hataulizwa kwanza kama anapenda historia. Kusikiliza matangazo ni jambo moja, kurusha sauti hewani ni jambo jingine kabisa: Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka leseni, na anayeitoa ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Ukitaka kurusha kihalali, omba leseni ya redio amateur. Ukiipata, alama yako ya wito itaanza na 5H, jirani yako wa Uganda yake huanza na 5X na wa Rwanda 9X.

Ukiagiza redio kutoka nje, waulize TCRA na forodha kabla haijapanda meli. Ukiipata hapa hapa, dai karatasi ya mauzo. Muuza vyuma chakavu akikunong'oneza kwamba "mzigo umetoka kambini", mshukuru kwa chai, uondoke. Mali ya JWTZ haigeuki yako kwa kuipitisha kwenye mizani. Mwezi Agosti 2023 jeshi liliwataka raia warudishe hata mavazi yanayofanana na sare, sembuse mtambo wa mawasiliano.

Ushauri wangu ni kuifanya redio yako ya kusikiliza tu. Chomoa maiki, zima au kata njia ya umeme inayokwenda upande wa kurushia, kisha bandika karatasi inayosema hivyo. Hata mwenyekiti wa kitongoji akipita ataisoma.

2. Cha shambani kiache shambani

Vita vya 1978 na 1979 vilipita mkoani kwetu Kagera. Kule Missenyi, kaskazini ya Mto Kagera, ndiko majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikoingia, na daraja la Kyaka lilivunjwa Novemba 1978. Kisanduku cha kijani chenye waya kilichofukuliwa na jembe kinaweza kuwa redio. Kinaweza pia kuwa kitu ambacho hutapata nafasi ya kukisimulia. Usikitikise, usikifungue, usikipige picha kwa karibu. Weka alama mbali nacho, zuia watoto, ita polisi.

3. Ijue inakula nini

Kabla ya kugusa chochote, tafuta kibao cha chuma chenye jina na namba ya aina, kwa kuwa kila ukoo una chakula chake. Wireless Set No. 19 ya Waingereza, iliyofungwa kwenye vifaru na magari, hula volti 12 au 24 kufuatana na kisanduku chake cha umeme, na ndani yake volti hizo hupandishwa hadi zaidi ya 250, na zaidi ya 500 kwa upande wa kurushia. Baadhi ya zilizotengenezwa Marekani ya Kaskazini zina maandishi ya Kirusi kando ya Kiingereza, kwa sababu nyingine zilipelekwa kwa Wasovieti, kwa hiyo usidhani umeuziwa bandia. R-105M ya Kisovieti hutaka volti 4.8 tu. BC-611 ya Wamarekani, ile ya kushika mkononi, hutaka betri mbili: moja ya volti 1.5 na nyingine ya volti 103.5. Racal RA17, redio nzito ya kusikilizia ya mwaka 1957, ni ya umeme wa ukutani moja kwa moja.

Kukisia hapa ni ghali. Klabu ya VMARS ya Uingereza, ya wapenzi wa redio za kale na za kijeshi, hutunza vitabu vya mafundi wa jeshi, na vingi vimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Pakua mchoro wa redio yako, uchapishe Kayanga, uubandike ukutani.

4. Usiiwashe

Najua. Imefika, majirani wamekuja, mjomba ameshasogeza betri. Usiiwashe.

Iondoe kwenye kasha, ipulize vumbi kwa pampu ya baiskeli mbali na mita (ona kidokezo cha 5), ondoa viota vya panya (kutakuwa na panya), halafu ianike kama unavyoanika kahawa: kivulini kwenye joto, juu ya wavu, hewa ikipita juu na chini, na usiku uirudishe ndani. Siku kadhaa za kiangazi zinatosha. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei usiwe na haraka, unyevu huingia kwenye transfoma na hautoki kwa kuombwa.

Ikishakauka, angalia waya. Mpira wa miaka ya 1940 hupukutika ukiugusa, na waya uliovuliwa mpira ndani ya kasha la chuma ni moto unaosubiri kuwashwa. Ubadilishe mmoja baada ya mwingine. Ukikata yote kwa pamoja ili "upange vizuri", utapanga mpaka Krismasi.

5. Mishale inayong'aa, au iliyokuwa inang'aa

Mita na vibao vingi vya wakati wa Vita Kuu ya Pili vilipakwa rangi yenye radiamu ili visomeke gizani. Leo vingi having'ai tena, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kilichochakaa ni ile dawa ya kutoa mwanga. Radiamu yenyewe hupungua nusu baada ya miaka ipatayo 1,600, kwa hiyo ya redio yako bado mbichi kabisa. Usikwangue, usipige msasa, usifungue kioo cha mita, usipulize unga uliodondoka. Futa nje kwa kitambaa kibichi, kitupe, nawa mikono, na mahali unapofanyia kazi pasiwe mahali pa kulia matoke.

6. Mkono mmoja mfukoni

Hii ni kanuni ya mafundi wa zamani na haijapata mbadala. Redio ikiwa na umeme, pima kwa mkono mmoja, mwingine uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Vua pete na saa. Vaa viatu vya soli kavu ya mpira, na kandambili zilizotoka kukanyaga umande hazihesabiki. Mtu mwingine awe karibu, anayejua swichi iko wapi. Rubisi isubiri hadi kazi iishe.

Kapasita hubaki na chaji hata ukichomoa betri. Ziue kwa rezista ya kilo-omu kadhaa, ya wati chache, iliyofungwa kwenye waya wenye mpini wa plastiki. Usitumie bisibisi, hurusha cheche na kuumiza kapasita. Kisha pima kwa testa uhakikishe zimekufa kweli.

7. Kapasita ndizo wagonjwa

Valvu husingiziwa sana. Kwa kuwa huwaka na kuonekana, mtu akikuta redio kimya anaanza kuzitafuta dukani, wakati nyingi zingali nzima baada ya miaka 70. Wanaozeeka ni kapasita, na huzeeka kwa namna mbili.

Zile kubwa za silinda, za elektroliti, hukauka ndani. Redio itavuma, au kapasita itapata moto na kupasuka. Badilisha kwa mpya ya ukubwa ule ule, volti sawa au zaidi, na chanya ikae palipokuwa na chanya. Ukigeuza, italipuka mbele ya uso wako.

Zile za karatasi na nta huvuja umeme polepole, na mbaya kuliko zote ni ile inayotoka anodi ya valvu moja kwenda gridi ya valvu ya mwisho ya sauti. Ikivuja, valvu ya mwisho hulemewa, transfoma ya spika hufuata, nawe unabaki na harufu. Kuna kipimo rahisi: redio ikiwa hai, weka testa kati ya gridi ya valvu hiyo na bodi. Inapaswa kusoma sifuri au hasi. Ikisoma chanya, hata volti moja, zima na ubadilishe. Mimi sipimi tena, hii naibadilisha kabla ya kuwasha kitu chochote, na nadhani kila fundi afanye hivyo. Kapasita ya plastiki ya volti 630 inatosha.

Ukikuta rektifaya yenye mabamba mengi yaliyopangwa, hiyo ni ya selenium. Ikiungua hutoa moshi wenye sumu na uvundo usiosahaulika. Iondoe, weka dayodi ya 1N4007 ambayo kila fundi redio wa Omurushaka anayo, pamoja na rezista ya kushusha volti kidogo, kwa sababu dayodi mpya haipotezi umeme kama ile ya zamani.

8. Skrubu za koili ziache

Hata kama zinaonekana zimelegea. Hasa kama zinaonekana zimelegea.

9. Balbu njiani

Kuwasha kwa mara ya kwanza, umeme upitie kwenye balbu ya waya, iliyofungwa mfuatano kwenye njia moja tu ya umeme. Kwa redio ya ukutani tumia ile balbu ya zamani ya wati 60 au 100 (za LED hazifai). Kwa redio ya volti 12 tumia balbu ya taa kubwa ya gari: ya wati 55 hairuhusu zaidi ya ampea 4 na nusu hivi kupita. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, nawe hujaunguza kitu. Ikiwaka kisha ikafifia, redio inakunywa kistaarabu. Redio inayokula ampea nyingi itaifanya balbu iendelee kung'aa kidogo, na hilo si tatizo, ila usitegemee sauti mpaka uiondoe.

10. Betri: hapa ndipo Isingiro inapofaidi

Betri ya gari au ya sola ya volti 12 ndiyo mama halisi wa redio za magari. Sauti hutoka safi, bila mvumo wa umeme wa ukutani. Lakini betri haina huruma. Shoti moja na waya unawaka kabla hujasema "mama yangu". Fyuzi iwepo, na ikae karibu kabisa na betri.

Tumia waya mnene na mfupi. Redio inayovuta ampea 10 kupitia waya wenye upinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu tu hupoteza volti nzima njiani, na volti moja katika 12 si kidogo kwa valvu. Ukitaka 24, unga betri mbili mfuatano, lakini ziwe pacha: aina moja, ukubwa mmoja, umri mmoja. Mzee na kijana wakifungwa nira moja, mzee hufa na kijana huumia.

Piga hesabu ya muda. Redio ikivuta ampea 4, na betri ni ya ampea-saa 50, usiishushe chini ya nusu: una saa 6 hivi, halafu jua lifanye kazi yake. Betri za risasi zikikaushwa mara kwa mara hazidumu, na bei ya mpya hailingani na bei ya kahawa.

Angalia pia chanya na hasi. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani yalifungwa chanya kwenye bodi, kinyume na Toyota yako. Redio iliyofungwa kwa gari la namna hiyo ukiipa hasi kwenye bodi bila kusoma mchoro, unaweza kuimaliza kabla haijaongea.

Kwa R-105M na jamaa zake, betri nne za kuchajika za saizi ya D, kila moja volti 1.2, zikipangwa mfuatano zinatoa 4.8 kamili. Betri asilia za Kisovieti zikija pamoja na redio, ule ukoko mweupe juu yake usiushike kwa mkono mtupu: ndani mna maji ya potashi yanayochoma ngozi na macho.

11. Volti 90 kutoka duka la Mangi

Redio ndogo za begani zilitumia betri kavu za volti 67.5 au 90, na hizo hazitengenezwi kwa wingi tena. Dawa ni betri za volti 9, zile za mraba, 10 mfululizo. Zinashikana zenyewe kichwa kwa kichwa, unapata 90. Mkondo unaotakiwa ni mdogo, zitadumu. Ila volti 90 huuma, na valvu za redio hizo zina nyuzi za volti 1.4 tu. Ukikosea plagi ukapeleka 90 kwenye nyuzi, zote zitaungua kwa pamoja, tena kimya kimya. Tumia plagi mbili za maumbo tofauti kabisa ili hata usingizi usikukoseshe.

12. Ukilazimika kutumia TANESCO

Kagera kwa miaka mingi imetumia umeme unaonunuliwa Uganda, na sasa pana mtambo wa megawati 14 wa Kikagati na Murongo kwenye mto wetu wenyewe. Sauti ya jokofu itakuambia umeme unavyopanda na kushuka. Redio ya Kimarekani ya volti 115 haichomekwi kwenye 230 kwa kubahatisha, inataka transfoma ya kushusha. Ile ya 230 nayo iweke nyuma ya stebilaiza. Bodi ya chuma iwe na waya wa ethi unaofika ardhini kweli.

13. Kelele ni za nyumbani

Redio ikivuma kila mahali, kabla ya kuirudisha mezani zima taa za LED, chomoa chaja za simu, zima inveta. Zile inveta za bei ya chini ndizo zinazochafua hewa kuliko zote, na kidhibiti chaji cha sola kinafuatia. Kata paneli kwenye kidhibiti wakati wa kusikiliza, redio ibaki na betri peke yake. Ikinyamaza, umempata mchawi, na hana haja ya kufunguliwa kwa bisibisi.

14. Waya juu ya mkaratusi

Chini ya bati husikii kitu. Toa waya nje, mita 15 hadi 20, kutoka dirishani hadi kwenye mkaratusi au mparachichi, ukae mbali na nyaya za umeme. Usiushikishe juu ya mti moja kwa moja, weka kipande cha plastiki kati. Antena ina historia nzito mkoani kwetu. Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu na kuishambulia Bukoba, na shabaha yao kubwa ilikuwa mtambo wa redio wa Wajerumani. Waliuangusha mnara na kuondoka. Wako hautavutia jeshi, lakini utavutia radi, na ukanda wa ziwa una radi nyingi. Mawingu yakianza kunguruma upande wa Karagwe, chomoa antena, itupe nje ya dirisha, wala usingoje taarifa ya habari iishe.

15. Utasikia nini

Si FM. Wengi huvunjika moyo hapa. Redio FADECO ya Karagwe iko kwenye FM ya kawaida, kati ya megahezi 88 na 108, na No. 19 inasikiliza 2 hadi 8 tu. Hata R-105M, ingawa nayo ni ya FM, inaishia megahezi 46. Usiwaahidi majirani taarabu.

Mchana masafa ya chini hayafiki mbali, tabaka la chini la anga huyameza. Subiri jua lizame, kisha tembea polepole kati ya megahezi 5.9 na 6.2, halafu 7.2 hadi 7.45. Vituo vya masafa mafupi vimepungua sana, lakini hewa haijawa tupu. Mwenye RA17 ajaribu pia kilohezi 11,735 jioni, ambako sauti ya Zanzibar imekuwa ikisikika kwa miaka mingi. Na kati ya 7.0 na 7.2 utakutana na watu wanaosema kwa sauti zilizobanwa, zisizoeleweka. Hao ni watu wa redio amateur wanaotumia mfumo wa kurusha uitwao SSB. Washa swichi ya BFO, punguza nguvu ya kupokea, geuza kinobu kwa unywele mmoja mmoja mpaka maneno yafunguke. Ukisikia 5X mwanzoni mwa wito wake, unamsikia mtu wa Uganda, na pengine yuko karibu kuliko Bukoba.